Waandaaji wa tamasha watuandikie Till kwenye mabango

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliachwa nje ya lango la tamasha la ohangla, muziki wa Waluo, hapa Kisumu, akiwa na tiketi mbili alizolipia Sh3,000. Alizinunua kwa mtu aliyejitokeza kwenye kundi la WhatsApp akidai kwamba amepata dharura na hawezi tena kuhudhuria. Alitumiwa picha zenye msimbo wa QR, akatuma pesa. Langoni mashine ikasema tiketi zimeshatumika. Kwenye foleni hiyo hiyo walikuwa vijana wengine watatu wenye picha zile zile.

Baunsa alimwambia amejitakia. Maneno hayo yameniuma, kwa maana tiketi zenyewe hazikuwa za kughushi. Mlaghai alizinunua kihalali, kisha akauza picha zake kwa kila aliyeuliza, na mashine humpokea anayefika wa kwanza tu. Kijana angetambuaje?

Lawama yangu ni kwa waandaaji. Bango la tamasha hilo, nililolisoma mwenyewe kwenye Barabara ya Oginga Odinga, lilikuwa na sura za wanamuziki na nambari tatu za simu za watu binafsi. Basi. Mwandalizi halali akipokea pesa kwa laini ya mtu binafsi, mnunuzi atamtofautishaje na mwizi? Bango liwe na nambari moja ya Till au Paybill, yaani nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya mtu kuthibitisha malipo. Jina likiwa tofauti, mtu anaghairi hapo hapo. Na asiyeweza kuhudhuria aruhusiwe kurudisha tiketi kwa mwandalizi, msimbo wa zamani ufutwe na mnunuzi mpya apewe wake. Hilo lingemaliza soko la picha.

Tangu tupate uwanja wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2021, wageni wanatoka Busia, Kakamega hadi Kisii kuja kustarehe hapa. Wengi hulipa wakiwa kwao, nauli juu.

Mpwa wangu alituma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini siku tatu zilikuwa zimepita na zilikuwa zimeshatolewa. Aliona haya kwenda polisi. Nilimpeleka mwenyewe, tukiwa na ujumbe wa malipo na mazungumzo yote ya WhatsApp, tukapewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inatambua ulaghai wa aina hii, hata kama pesa ni kidogo, nami nitafuatilia.

Mabango ya Desemba yameanza kubandikwa Kondele. Nilipita hapo jana asubuhi nikayasoma manne. Mawili hayana Till.

Mkazi wa Manyatta,
Kisumu