Risala ya Kikundi cha Akina Mama kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Jengo la Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji, wazee wetu, ndugu wananchi: karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe, tunaomba utazame ng'ambo ya korongo. Lile boma lililoota miti ndani nalo ni letu. Tulisomba mawe, tukachota maji ya kufyatulia tofali, kila kaya ikachangia. Kuhusu kiwanja hatukuulizwa. Tungeulizwa, mama yeyote hapa angesema kwamba wakati wa masika korongo halivukiki, na uchungu haungoji maji yapungue. Boma lilipofika kwenye lenta michango ikakauka, maana tangu tuanze kutoa hatukuwahi kusomewa mapato na matumizi.

Jengo la leo lilianzia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ulipoitishwa asubuhi, akidi haikutimia, tulikuwa mashambani. Ulipohamishiwa saa kumi jioni, watu walijaa hadi barabarani. Tulibishana sana. Wapo waliotaka kisima kwanza, na hoja yao ilikuwa nzito. Lakini tulipokubaliana, tulikubaliana kweli: kiwanja upande huu, kamati ya ujenzi yenye wanawake, na hesabu kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi.

Siku moja hesabu ya saruji ilipungua mifuko 8. Swali liliulizwa hadharani, na kabla ya jua kuzama tukajua kwamba imeazimwa kumalizia choo cha shule. Ilirudishwa wiki hiyohiyo. Jambo dogo, lakini waliokuwa wamegoma kuchangia walianza kuleta mchanga siku iliyofuata. Halmashauri nayo ikatimiza ahadi ya kupaua, na tunaishukuru kwa dhati.

Jirani zetu wa Uganda waliona jambo kama hili kwa ukubwa wa nchi. Kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilikuwa zikipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo Serikali Kuu ilizitengea. Iliyobaki ilipotelea njiani. Serikali ilipoanza kutangaza kiasi cha fedha magazetini na kukibandika shuleni, wazazi wakajua cha kuuliza. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Zipo sababu nyingine pia, lakini sisi tuliokaa mbele ya ubao wetu tunaelewa nguvu ya mzazi anayejua tarakimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zipo. Vipaumbele vyetu hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata kwenda Halmashauri, na bajeti inaporudi vimekatwa bila maelezo. Tunajua fedha hazitoshi. Kinachotuumiza ni ukimya, kwa sababu mwaka unaofuata watu huuliza waje mkutanoni kufanya nini. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, nasi tunaichukulia kama ilivyoandikwa.

Hivyo tunaomba: majibu ya bajeti yasomwe kijijini, pamoja na sababu za kilichokatwa, mikutano ipangwe jioni, saa ambayo mama ametoka shamba, orodha ya dawa zinazopokelewa zahanati ibandikwe ukutani, na tupatiwe muuguzi mkunga wa pili, kwani aliyepo hulala macho wiki nzima. Nyumba yake tuko tayari kuianza wenyewe. Kiwanja tumeshakiamua, mkutanoni, na muhtasari tunakukabidhi pamoja na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.