Kitabu cha usiku mmoja

Mhariri,

Chuo kimoja hapa Tanga kina kanuni ya maktaba inayoniuma sana. Kitabu cha kiada chenye nakala chache huazimwa usiku mmoja tu: kinatoka jioni, kirudi asubuhi kabla ya vipindi, ukichelewa faini. Naielewa, inamzuia mmoja asikikalie wenzake wakakosa. Lakini binti aliyepanga chumba Pongwe, pembezoni mwa jiji, anafika kwake giza limeshaingia, na alfajiri yuko kituoni anagombania daladala, kitabu kakifunga ndani ya khanga kisilowe mvua. Amesoma saa ngapi? Na hiyo faini ndiyo nauli yake.

Naomba uongozi uruhusu angalau kitoke Ijumaa kirudi Jumatatu, kwa zamu iliyoandikwa kaunta. Ikishindikana, maktaba ibaki wazi hadi saa nne usiku.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga