Barua kwa kaka yangu, mkulima wa nyanya Ilula

Shikamoo kaka. Kamwene.

Wiki hii nimekupigia mara nne hukupokea. Wifi akaniambia simu unayo, inaita mbele yako, unaitazama tu mpaka inakatika. Ndiyo maana naandika hapa, maana najua usiku unapita mtandaoni kutafuta bei za nyanya. Jina lako silitaji. Lakini barua nimeiacha wazi makusudi, kwa kuwa kuanzia Ilula mpaka Ruaha Mbuyuni, huko kwetu Iringa, wako kina kaka wengi walionyamaza kama wewe, na dada zao hawajui waanzie wapi.

Simu ya mwisho uliyopokea uliniambia, "Nimechoka, mdogo wangu. Kuna siku naona bora nisingekuwepo." Nikaogopa. Nikageuza maneno, nikauliza habari za watoto. Nilidhani nikikuuliza zaidi nitakutia wazo ambalo hukuwa nalo. Baadaye nilimweleza muuguzi mmoja wa afya ya akili hapa Morogoro, akasema sivyo: swali halimtii mtu wazo, mara nyingi linampunguzia mzigo, kwani anajua sasa kuna mwenzake aliyeona. Basi nauliza leo, kaka. Unawaza kujiua? Jibu lolote utakalonipa, sitakugombeza wala sitakuhubiria.

Nilifuatilia msimu wako wote. Machi tenga lilikwenda 40,000, ukapata moyo, ukakodi ekari mbili zaidi na kukopa pembejeo. Agosti kila bonde linavuna, lori linachagua mzigo, dalali anakwambia 7,000, hutaki acha. Ukitoa hela ya tenga lenyewe, wachumaji na kubebesha mpaka barabarani, umebaki na nini? Na hizo ni nyanya zilizopona. Nyingine zilishatobolewa na kantangaze.

Huyu mdudu asili yake ni Amerika ya Kusini. Hispania aliingia mwaka 2006, kwetu akaonekana kwanza Arumeru mwaka 2014, kisha akasambaa mikoa yote ya nyanya. Kiwavi wake anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, na dawa akishaizoea hafi tena. Wakulima wakamwita kantangaze, nenda ukanitangaze. Nimelifikiria sana jina hili. Mtu akipigwa na kantangaze haoni haya kulisema, anasimama kijiweni anaeleza shamba lilivyokwisha, wenzake wanampa pole na kumtajia dawa walizojaribu. Ila usingizi kukatika saa tisa usiku kila siku, chakula kukosa ladha, kicheko cha watoto kukukera, mwili kuwa mzito hata njia ya shambani ukaiona ndefu, hilo hukumtangazia mtu. Kwa wifi umesema ni mgongo.

Mimi si daktari. Ila dalili za namna hiyo zikipita wiki mbili mfululizo, huenda ni sonona, na sonona inatibika. Nenda kituo cha afya umwambie mhudumu waziwazi hali ya usingizi, mawazo na hayo uliyonidokeza kwenye simu. Ukitaja mgongo peke yake utapewa dawa ya mgongo. Najua unaogopa watu watasema unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakiwa nyumbani kwao, kwa mazungumzo na mtaalamu, wengine kwa vidonge, na wanaendelea na shamba.

Kuna jingine linaniuma. Ule utani wa watani zetu, kwamba Mhehe akiudhiwa kidogo tu anajitoa uhai. Tumeucheka tangu utoto, kwenye mabasi, kwenye harusi. Mimi siucheki tena. Unamfanya mtu wetu aone aibu kusema ameelemewa, na wanaomsikia wanadhani anatania. Wapo wanaomsingizia hata Mkwawa. Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, alipojiua mwaka 1898 alikuwa anawindwa na jeshi la Wajerumani, nchi yake imeshatekwa. Wewe unadaiwa, kaka. Mdai unaweza kukaa naye mkazungumza.

Kwa hiyo deni tulizungumze. Najua yule wa mkopo wa kausha damu, wa riba ya kuumiza, alikuja akapiga kelele uani mbele ya majirani, na tangu siku hiyo huendi hata kanisani. Chukua daftari, kaa na wifi, andikeni kila mnachodaiwa, hata kile ulichomficha. Ulichomficha hasa. Mimi nitakuja na akiba yangu ya kikoba. Haitalipa yote, lakini itatupa pa kuanzia kuongea na duka la pembejeo juu ya kulipa kidogo kidogo. Msimu ujao ekari moja ya nyanya yatosha, kwingine tuweke maharage na alizeti.

Sasa naomba jambo moja usinikatalie. Dawa zote za shamba ziondoke chumbani, ziingie kwenye lile sanduku la bati, lifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao wifi. Siku ya kupulizia atakupa, jioni unarudisha. Usilichukue kama dharau. Sri Lanka walipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini kwao vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Saa ile mbaya huja ikapita, na mtu akishavushwa anaweza kusaidiwa. Na unapopulizia, kaka, vaa glovu na uzibe pua. Watafiti wa nchi mbalimbali wameona uhusiano kati ya baadhi ya sumu hizo na sonona kwa wakulima.

Zimbabwe kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda aliyeanza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Kwa Kishona, lugha ya huko, sonona wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Niliposoma nikamkumbuka shangazi yetu na kile kigoda chake chini ya mparachichi. Nimeshampigia. Hakuuliza maswali mengi, alisema tu, "Mwambie aje, ugali upo."

Ijumaa napanda basi la asubuhi. Usihangaike kunipokea barabarani, nitashuka na kuja mwenyewe mpaka bondeni. Jumamosi twende kituo cha afya pamoja, mimi nitakaa nje kama hutaki niingie. Na usiku wa leo, mawazo yale yakirudi, mwamshe wifi. Ameshajua, kaka. Amejua siku nyingi, anasubiri umwambie.

Mdogo wako