Mhariri, tutengeeni kona ya majaribio ya dawa

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, gazeti lenu nalisoma kwenye meza ya jirani yangu muuza magazeti (silinunui kila siku nisidanganye, ananiazima narudisha kabla halijakunjika) na leo naomba nafasi niseme jambo la macho yangu.

Naumwa macho makavu huu mwaka wa 4. Ukimwambia mtu hivyo anakucheka maana anaona machozi yanachuruzika, hata mimi nilimcheka daktari, nikamwambia dokta mbona mimi shida yangu machozi ni mengi, akasema ndo hivyo hivyo mama, jicho likikauka linawasha, likiwasha linamwaga maji, ila hayo maji yamekosa yale mafuta ya kwenye kope ya kuyashikilia kwahiyo yanapita tu kama mvua kwenye bati. Akachukua vijikaratasi viwili vyembamba vimepigwa mistari ya milimita kama futi kamba yangu, akakunja ncha akavipachika kwenye kope za chini, nikakaa dakika 5 nimefumba macho kama kuku mgonjwa. Kuvitoa, jicho la kushoto unyevu umefika milimita 4. Mwenye macho mazima anapita 10. Hapo ndo nikaelewa kwanini siku hizi kutunga uzi kwenye sindano mpaka nimuite binti ninayemfundisha kazi, na ikifika saa kumi jioni macho yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga. Na Makambako mnaijua jamani, huu upepo wetu ambao miaka yote tunaambiwa utageuzwa umeme, mpaka leo unatugeuzia macho tu.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka jana mteja wangu mmoja akaniambia dada kuna mahali wanaandikisha watu wa utafiti wa dawa mpya ya macho, ukiingia unatibiwa bure. Mahali penyewe sipataji, sitaki kesi. Nikaenda, nikaambiwa fomu ni 30,000, nikatoa, hela ya kushona sare za watoto watatu hiyo. Wakaniandika jina kwenye daftari la shule, lile la kurasa 96, wakanipa kichupa cha matone kisicho na lebo, wakasema tutakupigia. Hawakupiga. Nikipiga mimi simu haipatikani. Kile kichupa nilikipeleka kwa daktari wangu akanikataza kabisa, akasema matone mengine ya kienyeji hivi yanawekwa steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, jicho linapoa siku mbili tatu unafurahi, ukiendelea nayo presha ya jicho inapanda kimyakimya mpaka unapofuka.

Kijana wangu anasoma Mbeya, alivyokuja likizo nikamsimulia. Hakunionea huruma hata kidogo, akasema mama, ungewauliza namba ya jaribio. Namba gani? Ndo akafungua simu akanionyesha. Kumbe majaribio ya dawa ya kweli yanaandikishwa hadharani mtu yeyote anaweza kuyaona, kuna rejista ya serikali ya Marekani inaitwa ClinicalTrials.gov ipo tangu mwaka 2000, kila jaribio lina namba inaanza na NCT halafu tarakimu 8, na sisi Waafrika tuna rejista yetu iko Afrika Kusini inaitwa PACTR. Hulipi kitu, ni bando lako tu. Unaandika jina la ugonjwa, unachagua nchi, unachagua yale ambayo bado yanasajili watu. Macho makavu yalitoka mengi mpaka nikashangaa, Marekani huko, China huko, tukaweka Tanzania siku ile hatukuona linalosajili. Nilisikitika ila nilikaa naye mpaka usiku ananitafsiria, maana yote ni Kiingereza na hapo ndipo penye kilio changu.

Kuna mambo mle ningeyajua mapema hela yangu ingepona. Kwanza hawachukui kila mtu. Kuna vigezo, vile vijikaratasi vya milimita vimo, kuna majaribio hayataki mjamzito wala mtu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, na mengi yanakutaka uache matone yako ya kawaida kwa muda kwanza waone jicho likoje lenyewe. Kuna dodoso la maswali 12 wanalitumia sana, wanakuuliza kama unasumbuka ukisoma, ukiendesha gari usiku, ukiangalia TV, ukitumia ATM, ukiwa kwenye upepo. ATM wameiweka, kushona hawajaweka! Halafu kuna majaribio huko Marekani wanawaingiza watu kwenye chumba maalum hewa kavu wanapulizwa upepo usoni kama saa moja na nusu ili macho yakauke wapimwe. Nilicheka mpaka machozi yakatoka ya kweli, nikamwambia mwanangu waambie waje stendi ya Makambako mwezi wa nane, chumba cha nini.

Na jingine, nusu ya watu wanaweza kupewa matone yasiyo na dawa, na hujui uko upande gani, mara nyingi hata daktari hajui. Mwanzo niliona ni utapeli mwingine, ila kijana akanielewesha vizuri: jicho kavu ukilidondoshea kitu chochote chenye maji linapata nafuu kidogo, sasa usipolinganisha utajuaje ni dawa imefanya kazi au ni ule ubichi tu? Nikakubali. Mimi mwenyewe nikinawa maji ya baridi natulia dakika kumi.

Najua watu watasema huyu mama anataka tufanywe panya wa maabara. Huku nyanda za juu majaribio si mageni, pale Mbeya kuna kituo cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, miaka mingi tu wanafanya ya TB na VVU. Ule utafiti wa chanjo ya VVU wa PrEPVacc, Mbeya ilikuwemo, na mwaka 2023 kamati huru iliyokuwa inaangalia takwimu ilishauri uchanjaji usimamishwe kwa sababu ilionekana zile chanjo hazitazuia maambukizi, na kweli wakasimamisha wakatangaza. Watu waliliona hilo ni aibu, mimi naona ndo dalili ya kazi ya wakweli, tapeli wangu na daftari lake la kurasa 96 atasimamishwa na kamati gani?

Kwa hapa kwetu jaribio la dawa lazima liwe na kibali cha TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kibali cha maadili cha NIMR, uliza vyote viwili bila aibu. Fomu ya ridhaa unasomewa kwa Kiswahili, unapewa nakala uende nayo nyumbani, na ukichoka katikati unatoka bila kugombezwa na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Na hela ya kujiandikisha hakuna. Kama kuna hela inatembea hapo ni nauli, tena wanakurudishia wao.

Sasa Mhariri ombi langu. Ukurasa mzima mnatupa mikeka ya kubeti kila Ijumaa, mimi simsemi mtu, mume wangu ndo mteja wenu. Haiwezekani mkatenga kipande hata cha ukubwa wa kiganja, mara moja kwa mwezi, mkatuwekea majaribio yanayosajili Tanzania, ugonjwa gani, mji gani, namba yake ya rejista, nani anafaa, kwa Kiswahili cha kawaida? Si ya macho tu, ya sukari, ya presha, ya TB, yote. Zile rejista ziko wazi, mwandishi wenu mmoja akikaa nusu siku amemaliza. Na mtu akija na fomu ya 30,000 tutafungua gazeti tuangalie namba yake kama ipo.

Mkianza nitaanza kulinunua, nimeshamwahidi jirani. Ila maandishi yawe makubwa kidogo, wengine ikifika saa kumi tunasomea jicho moja.

Fundi cherehani,
Makambako, Njombe