Jiografia uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku nyumbani wazima, bibi anakusalimu. Barua yako imefika. Umeandika kwamba unasitasita kati ya PGM na HGK, tahasusi za kidato cha tano, na kwamba Jiografia imo kote kuwili lakini huoni inahusu nini zaidi ya kukariri mito na miji mikuu. Jibu unalo tayari katika herufi hizo ulizoandika: ile G imekaa na Fizikia na Hisabati upande mmoja, na Historia na Kiswahili upande wa pili, na haikai ugenini popote.

Inachunguza maumbile ya nchi, yaani miamba, udongo, mito, upepo, mvua na mimea. Inawachunguza pia watu juu ya nchi hiyo: wanakaa wapi, wanalima nini, wanahama kwa nini, barabara zao zimepita wapi. Kuunganisha pande hizo mbili kuna ramani, vipimo na takwimu. Swali linalozunguka kote ni lile lile: kwa nini kitu hiki kiko hapa, na si pale ng'ambo?

Chukua milima ya Usambara. Haikutokana na volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba ya kale sana iliyopasuka na kuinuliwa, ndiyo maana kingo zake zimesimama kama kuta. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zinapogonga kuta hizo hupanda, hewa inapoa kama nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100, unyevu unageuka mawingu, mvua inanyesha. Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Hewa ikishavuka inashuka ikiwa kavu na inapata joto, kwa hiyo tambarare za Mkomazi nyuma ya milima hazipati hata nusu ya mvua hiyo. Sasa watazame watu. Chai iko juu, kwa sababu inataka mvua karibu mwaka mzima na udongo wenye asidi. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, uko chini kwenye joto, maana unavumilia ukame. Mifugo iko kwenye tambarare kavu zaidi. Hakuna aliyegawa nchi kwa rula. Mwinuko na upepo vimechangia kuipanga.

Na reli ya Tanga kwenda Moshi? Imepita Korogwe, Mombo hadi Same, ikiambaa chini ya milima bila kuipanda. Sababu yake utaikokotoa mwenyewe kwenye ramani, na hapa nataka ukae kwa muda mrefu, kwa sababu wanafunzi huangukia hapa kila mwaka kwa makosa yale yale.

Ramani ya skeli 1:50,000 maana yake sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhini. Tuseme njia inatoka kwenye kontua (mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya mita 1,240 hadi ya mita 1,480, na umbali wake kwenye ramani ni sentimita 6. Tofauti ya mwinuko ni mita 240. Sentimita 6 ni kilomita 3, yaani mita 3,000. Gawa 240 kwa 3,000, unapata mteremko wa 1:12.5, yaani unapanda mita 1 kwa kila mita 12.5. Kosa la kawaida ni kugawa 240 kwa 3, au hata kwa 6. Mita zigawanywe kwa mita tu. Mteremko huo lori linaupanda kwa kunguruma, lakini magurudumu ya chuma ya treni ya kawaida yangeteleza. Ndipo utakapoelewa kwa nini reli inazunguka.

Umbali wa njia yenye kona usiupime kwa rula moja kwa moja, utapata mfupi kuliko ulivyo. Tumia uzi usiovutika, uulaze juu ya kila kona, uweke alama mwisho, kisha uunyooshe kwenye rula. Ukipata sentimita 11.6, hizo ni kilomita 5.8.

Namba ya gridi ya tarakimu sita, inayotaja mahali kwa mistari ya miraba ya ramani, husomwa kwanza kwa mistari iliyosimama, kuelekea mashariki, ndipo ile iliyolala, kuelekea kaskazini. 346782 ni mstari wa 34 na sehemu sita za kumi, halafu wa 78 na sehemu mbili za kumi. Ukigeuza ukaandika 782346, umeruka zaidi ya kilomita 40 mashariki na nyingine kama hizo kusini, na karatasi nzima ya 1:50,000 kwetu ina upana wa kama kilomita 28 tu. Msahihishaji hawezi kukupa alama kwa mahali pasipokuwepo kwenye ramani.

Kwenye hali ya hewa, wastani wa joto wa mwaka unapatikana kwa kujumlisha miezi yote na kugawa kwa 12. Mvua ya mwaka inajumlishwa tu, haigawanywi. Mvua ichore kwa nguzo, joto kwa mstari.

Saa nazo zimo. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Saa yetu ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya 45 Mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Kigoma iko karibu na longitudo ya 30, kwa hiyo jua la utosini hufika huko kama saa saba mchana, wakati Dar es Salaam hufika kama saa sita na dakika 24. Inapishana kwa dakika kadhaa kadiri mwaka unavyokwenda.

Takwimu za watu zisome kwa uangalifu uo huo. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Gawa kwa kilomita za mraba zipatazo 947,000, unapata watu 65 kwa kila moja. Ukikuta kitabu kina namba kubwa zaidi, huenda kimeondoa maziwa kwenye eneo, na kimefanya vizuri, maana hakuna anayejenga juu ya maji. Hata hivyo wastani huo hautakueleza kwa nini Lushoto imebanana na Mkomazi ni wazi. Hilo umeshalijua kwa mvua.

Kuhusu tahasusi, kwa kuwa hesabu hazikutishi, mimi ningechukua PGM, hasa kama bado unawazia upimaji ardhi. Ukiona moyo uko kwenye vijiji, uhamaji na historia ya watu, HGK haitakupunguzia kitu, ila usiache mazoezi ya ramani.

Kwenye kifurushi nimekuwekea rula ya sentimita 30, kipimapembe, penseli mbili za HB na uzi mweupe wa kushonea viatu. Huo hauvutiki.

Mama yako