Kabla ya shule kufunguliwa, mfundishe mtoto kufungua kaptura yake

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa cherehani Kariobangi Kusini, hapa Nairobi, na kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari kibandani mwangu hakutoki kitu kingine ila sare za shule. Kazi hii nilikuwa nayo hata mwaka wa 2003, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo, watoto wakamiminika shuleni hata sisi mafundi tukawa tunakesha. Wazazi nimewaona wengi, na watoto nimewapima wengi zaidi. Naomba nafasi niseme na wale ambao mwaka huu wana mtoto anayeingia PP1, yaani chekechea, au Gredi ya 1.

Mzazi akiniletea mtoto nimpime, maneno yote hupita juu ya kichwa cha mtoto. "Fundi, achia upindo mkubwa, aivae miaka miwili." Kwa hilo sina neno. Mimi mwenyewe huacha inchi 3 kwa ndani bila kuambiwa, maana Januari naijua. Kinachoniuma ni kile kinachofuata. Mtoto akijitikisa kidogo, mzazi anamgeukia: "Simama wima! Ngoja ufike kwa mwalimu, atakunyoosha." Wakati huo kanda yangu imemzunguka kifua, na nahisi pumzi yake inavyokatika. Kifua cha mtoto wa miaka sita hakifichi kitu.

Najua uzito wa maneno hayo kwa sababu niliwahi kuyasema.

Mwaka juzi mjukuu wangu, ninayeishi naye, alianza Gredi ya 1. Nilimshonea kaptura mwenyewe, kaki nzito, zipu ya chuma, na kiunoni nikatia kulabu mbili ili ikae vizuri. Nikamnunulia na mshipi wa ngozi soko la Gikomba. Nilitaka apendeze, na kweli alipendeza, majirani walitoka kumwona. Siku ya pili alirudi na sweta limefungwa kiunoni, anatembea miguu ikiwa mbalimbali. Sikumuuliza kitu mbele ya watu. Jioni nikimwogesha ndipo akaniambia, macho yako kwenye karai: "Nyanya, kulabu ilikataa."

Nikamuuliza mbona hakumwambia mwalimu amsaidie. Akasema, "Ulisema atanichapa."

Nilisema hivyo asubuhi ya siku ya kwanza, nikiwa mbioni, nikimhimiza amalize chai. Sikukumbuka hata kwamba nimesema. Yeye alilibeba neno hilo hadi darasani, akalishika siku mbili, na lilipofika wakati wa haja akaona heri alowe kuliko kuinua mkono. Alikaa na kaptura mbichi tangu saa nne hadi kengele ya kwenda nyumbani, wenzake wakimcheka. Mwalimu simlaumu, darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wiki iliyofuata kila asubuhi tumbo lilimuuma, na mimi nilijua ni tumbo gani.

Wazazi wenzangu, hata kwa sheria maneno hayo si kweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuchapwa, na inakataza pia kumtesa kwa maneno. Kama kuna mahali fimbo bado inatumika, hilo ni la mzazi kwenda kumwona mwalimu mkuu, si la kumtayarisha mtoto alivumilie. Na pale ambapo mwalimu ni mpole, ambao ni wengi, kwa nini tumfanye kuwa zimwi kabla mtoto hajamwona? Kuanzia saa 2 asubuhi mwalimu ndiye mtu mzima pekee ambaye mtoto wako anaweza kumwendea. Ukimtia hofu naye, umemwacha peke yake.

Nilichofanya usiku ule ni kufumua kiuno cha kaptura na kutia lastiki. Kisha tukaanza mazoezi. Kwanza kushusha na kupandisha, mimi nikihesabu hadi kumi. Halafu kunawa mikono bila kulowesha mikono ya sweta. Halafu maneno yenyewe. Nilikaa kwenye kiti changu cha cherehani nikawa mwalimu, yeye akasimama mlangoni: "Mwalimu, naomba ruhusa niende msalani." Siku ya kwanza sauti ilibaki kooni. Nikamwambia rudi mlangoni, jaribu tena, mwalimu hajasikia, ana watoto wengi. Siku ya tatu aliipaza hadi jirani akaitikia kutoka upande wa pili wa mabati, "Nenda, baba!" Tumbo halikumuuma tena. Kama shuleni kwa mtoto wako ruhusa huombwa kwa Kiingereza, mfundishe kwa Kiingereza, lakini ayatamke kwa kinywa chake, tena kwa sauti.

Tangu hapo mteja wa Gredi ya 1 akija, mimi humwambia mtoto kwanza: vaa, sasa vua mwenyewe. Wengi hawawezi. Vifungo vya rinda viko mgongoni, zipu ni ngumu, mshipi una matundu madogo. Huyo ni mtoto ambaye kesho kutwa atakuwa msalani peke yake, na mlango wa choo huenda haufungi. Basi omba lastiki. Omba vifungo viwekwe mbele, vikubwa, na tundu lilegezwe kidogo. Fundi mzuri hatakataa, na bei haibadiliki. Viatu, kama bado hajui kufunga kamba, mnunulie vya kubandika, kamba zitakuja baadaye. Mkebe wa chakula pia mpe aufungue mwenyewe nyumbani. Nimemwona mtoto akirudi jioni na wali wake wote kwa sababu kifuniko kilimshinda, na mama yake akamgombeza kwamba anaringia chakula. Na wale ambao shule zao ziko kwenye mpango wa kaunti wa chakula cha mchana cha shilingi 5, ile bangili ya mkononi ya kulipia chakula, mwonyesheni mtoto ni ya kazi gani. Asiivue kwenye maji, asimwazime mwenzake.

Jina lishonwe ndani ya kola, si kifuani. Likiwa nje, mtu asiyemjua atamwita kwa jina njiani na mtoto atadhani ni wa nyumbani. Mimi hulishona kwa uzi wa manjano, maana masweta ya darasa zima ni rangi moja na mtoto ambaye hajajua kusoma atatafuta ile manjano. Kisha kila jioni mnakunja sweta pamoja, anapitisha kidole juu ya herufi. Mjukuu wangu jina lake alilisoma hapo kabla ya kulisoma ubaoni.

Jambo jingine ni njia. Siku mbili tatu kabla ya kufungua, itembeeni pamoja, kwa miguu, saa ileile atakayoipita. Sisi wa huku tuna Outering Road. Mpandishe daraja la waendao kwa miguu, mwonyeshe pikipiki zinapotokea, maana hata darajani hupanda.

Na akirudi jioni, usianze na "leo umesoma nini?" Atakujibu "hakuna", na nyote wawili mtaudhika. Mimi humuuliza alikaa na nani, nani alilia, kama alienda msalani. Hilo la tatu huliuliza kila siku muhula wote wa kwanza. Siku moja alinijibu kwamba amempeleka mwenzake ambaye kulabu ilimkatalia, akamfungulia.

Najua wengi wenu mnatoka saa 11 alfajiri na kurudi giza limeingia, na Januari hii kodi ya nyumba na karo vimekuja pamoja. Mazoezi haya hayataki pesa. Yanataka dakika kumi usiku kabla ya kulala, na kama si wewe, basi dada yake mkubwa, au nyanya.

Wiki hii kibanda changu kiko wazi hadi saa 3 usiku. Mwenye kaptura ya kulabu na aje nayo nimtilie lastiki, kazi hiyo sitozi. Ila aje na mtoto mwenyewe, tuijaribu pale pale.

Mama Kadzo,
Kariobangi Kusini, Nairobi