Usitume kwanza pesa za batri

Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Kabwe,

Jambo sana. Huku tuko wazima, mama anakusalimu, Yaya Jeanne amejifungua mtoto wa kike, mengine atakuambia mwenyewe. Nakuandikia juu ya motokari yako, tena haraka, kabla hujatuma zile pesa. Usizitume!

Najua Fundi Trésor alikupigia simu kwamba batri imekufa. Haijafa. Tuliichaji usiku kucha (umeme ulikuwepo, nashangaa hata mimi), ikapumzika, nikapima volti 12.6. Injini ikiwaka inapanda hadi 14.2, kwa hiyo alterneta, ile inayoichaji batri, nayo ni nzima. Batri kama hiyo haiwezi kukaa siku tano sita tu ikashindwa hata kufungua milango. Kuna kitu kinaila gari likiwa limezimwa. Mwamba anasema ni mlozi, mchawi. Mlozi gani tena huyo wa kula risasi na asidi za ndani ya batri?

Nikaazima mita ya kupimia umeme. Nikafungua waya hasi, mita nikaipitisha kati ya waya na kichwa cha batri, kwenye alama ya ampea 10, na ufunguo nikauficha, maana mtu akiwasha injini hapo mita inaungua. Kisha unangoja. Hapo ndipo mafundi wetu wananichosha: wanasoma namba papo hapo, kompyuta za gari bado ziko macho! Baada ya nusu saa hivi namba ilishuka, ikashuka, ikagoma kwenye ampea 0.42. Gari lililolala kwa kawaida halipiti 0.05. Piga hesabu, 0.42 mara saa 24: ampea-saa 10 zinaondoka kila siku, na batri yako ni ya ampea-saa 60.

Nikachomoa fyuzi moja moja. Nilikuwa naishuku taa ya kile kisanduku cha mbele, lakini wapi. Nilipochomoa ya redio: 0.03. Kuirudisha, baada ya muda 0.42 tena. Ile redio yako ya kioo kikubwa! Nadhani waya wake wa ufunguo, unaopaswa kupata umeme ufunguo ukigeuzwa tu, wameuunga kwenye umeme wa kudumu, ndiyo maana hailali. Sasa batri mpya si italiwa vilevile? Na hii ya zamani, ikiachwa tupu kila mara, ukoko wa salfeti utaganda kwenye vibati vyake, hapo ndipo itakufa kweli.

Fyuzi nimeiacha nje, ila taa ya ndani nayo imezimika.

Nani alikufungia ile redio, yule kijana wa Katuba au mwingine? Kuna king'ora au kifaa cha kufuatilia gari walichounga hapo hapo? Redio inadai namba ya siri ikikatiwa umeme? Nikifungua waya hasi hadi urudi, hutalalamika? Na unatoka lini huko Kalemie, na ndakala zangu, wale dagaa, je?

Jibu kabla ya Alhamisi. Trésor amesema siku hiyo anakuja na batri yake ya kuuza.

Wako,
Ilunga